Aliyenipokelea Salamu

Tluway alinipigia simu asubuhi nikiwa bado kitandani, mahali ambapo wanaonijua watakuambia ndipo ilipo ofisi yangu kuu. "Dada Paskalina, mzee ametutoka," akasema, na kabla sijapata la kumwambia akaendelea, kama mtu aliyepewa orodha ya kazi na anaogopa kusahau moja: maziko ni Alhamisi, nyumbani Endabash, na familia imekaa ikaonelea wasifu wa marehemu niuandike mimi. "Wewe si ndiye mwenye simu inayoandika yenyewe?" Nikamwambia haiandiki yenyewe, huwa inasubiri mtu aongee, na kuongea hakujawahi kuwa tatizo langu. Akacheka kidogo, akajikuta analia, kisha akanitajia ya kuweka: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kazi ya upishi. "Kwenye elimu weka hakusoma." Nikauliza, hakusoma kabisa? "Dada, si ulifanya naye kazi? Mzee hata maandishi ya kanga alikuwa anaulizia yanasemaje." Mimi si mtu wa kutunza siri. Maishani nimetunza moja tu, tena kwa taabu, na ilikuwa ya mzee huyohuyo. Sasa mwanawe ananiambia niizike pamoja naye, kwa maandishi yangu mwenyewe, isomwe mbele ya watu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza baada ya macho yangu kufunga kazi. Ugonjwa wa viungo ulianza na vidole nikiwa kidato cha pili, ukavikunja taratibu, halafu daktari akaeleza kwamba ugonjwa ule hupenda na macho. Kidato cha nne nilikimaliza nikisoma ubao kwa kukisia, na wasahihishaji nao, nadhani, walisahihisha kwa huruma. Basi nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilikuwa na cheti, vidole kama tangawizi, na macho yaliyojua tofauti ya mchana na usiku na hapo yakaishia. Watu walikuja nyumbani kwetu Ganako kunipa pole na kunikuta sina huzuni ya kiwango walichotarajia. Kukaa nyumbani nilikupenda tangu zamani. Sasa nilikuwa nimepata na kibali cha daktari. Kilichoniuma kilikuwa kimoja. Kila nilichotaka kuandika, iwe barua, iwe jina langu, ilibidi mtu mwingine aandike, na mtu akikuandikia hukosi kusikia, "Hili usiseme hivi, sema hivi." Nikawa natia sahihi ya dole gumba kwenye mawazo ya watu wengine.

Jirani yetu Mama Eliya, mwenyeji wa Machame aliyekuja Karatu na masufuria mawili na maneno mengi, alikuwa na kambi ya wageni kando ya barabara ya kupanda Ngorongoro: vyumba vichache, uwanja wa mahema, jiko nyuma. Mgeni wake mmoja wa Uholanzi, Anneke, ambaye kwao alifundisha wasioona, aliniona nimekaa jikoni nikichambua maharage kwa viganja, akaniuliza maswali mengi kuliko padre. Msimu uliofuata akarudi na kompyuta iliyotumika, na ndani yake programu mbili. Moja ilisoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Hiyo nikaiita Msomaji. Nyingine ilisikiliza mtu akiongea na kuandika alichosema. Hiyo nikaiita Karani. Zote mbili zilijua Kiingereza peke yake, na Karani hakumtumikia mtu hadi amzoee: ilibidi usome kwa sauti kurasa nzima zinazotokea kwenye skrini ili ajifunze namna unavyotamka. Kwa kuwa skrini sikuiona, na kurasa zile Msomaji hakuweza kuzisoma, Anneke alininong'oneza sentensi moja moja sikioni, nami nikazirudia kwa Kiingereza changu cha Ganako. Alipoondoka, Mama Eliya akasema, "Haya. Barua pepe za wageni zijibu wewe. Tuone mpaka msimu uishe."

Siku ya kwanza peke yangu niliziacha programu zote mbili wazi. Niliongea, Karani akaandika, Msomaji akasoma kwenye spika alichoandika Karani, Karani akamsikia Msomaji akaandika alichosoma, Msomaji akasoma tena, na hivyo hivyo, kama majirani wawili wanaotukanana juu ya uzio, kila mmoja akirudisha neno la mwenzake. Baba Tluway, mpishi, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mzee wa maneno machache, Mwiraqw wa Endabash, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa masika na kiangazi. Alisikiliza ile vurugu, akachomoa waya ukutani. "Mwanangu," akasema, "akisema huyu, yule anyamaze. Hata kanisani ni hivyo." Kesho yake aliniletea kijiti alichokichonga mwenyewe, kinene upande wa kiganja, chembamba mbele, kinakaa kwenye ngumi yangu iliyokunjika bila kuteleza. Kwa kijiti kile nilibonyeza kitufe cha kumnyamazisha Msomaji, nikaongea na Karani. Nikibonyeza kingine Karani analala, namsikiliza Msomaji. Nimesema toka mwanzo kwamba mimi ni mtu wa kuongea. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi ambayo nusu yake ni kunyamaza.

Mwenye akili timamu atauliza, kwani hukupewa spika za masikioni? Nilipewa. Ukizivaa, Msomaji anakusemea wewe tu na Karani hamsikii, ugomvi umekwisha. Nilizivaa siku nne. Siku ya tano mama yangu mdogo akanijia juu: "Paskalina, mji mzima unasema siku hizi unaringa. Mke wa katekista amekusalimu mara tatu umekaa kama gogo." Sikumsikia, jamani! Lakini nenda kaeleze. Asiyeona akimpita mtu bila kusalimu anasamehewa; akisalimiwa asijibu, huyo ana dharau, na dharau haina kibali cha daktari. Nikazivua, nikazitundika kwenye msumari, na tangu hapo ofisi yangu ikawa wazi kwa kila mwenye salamu. Na salamu za kwetu si neno moja. Anayeleta maziwa anaanza na hodi, anaendelea na umeamkaje, wa nyumbani, ng'ombe, mvua. Mimi nimelaza kijiti mezani nikajisahau, na Karani, maskini, anayaandika yote kwa Kiingereza cha kubahatisha katikati ya barua ya mgeni anayeuliza kama kuna maji ya moto. Nikawa nabonyeza, nasikiliza, nafuta, naanza upya. Barua moja ilinichukua muda wa kuivisha makande.

Lakini niliipenda kazi ile. Asubuhi ofisi ilinuka mafuta ya taa na ndizi mbivu, baridi ya Mei ikiingia chini ya mlango, na simu ya mezani ikilia kama mbuzi aliyekanyagwa ndipo barua pepe zinapita kwenye waya wake. Saa nne Baba Tluway ananiletea uji na kipande cha keki ya wageni, kile cha pembeni kilichoungua, ambacho yeye na mimi tulikubaliana ndicho kitamu. Nami naandikia watu wa ng'ambo jinsi ukungu unavyoinuka kutoka kwenye kreta na nyati wanavyotokea mmoja mmoja. Gadi, dereva wetu, aliyeongoza wageni mle kila wiki, alikuwa hachoki kunicheka. "Dada, mtu hujawahi kuvuka hata geti, unaiuza Ngorongoro kutushinda sisi tunaoshinda humo!" Ni kweli. Nilikuwa nimezaliwa karibu nayo hivyo na sikuwahi kwenda nilipokuwa naona; daima kulikuwa na sababu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba ni nje ya nyumba. Nyati wangu wote niliwatoa kwenye hadithi za Gadi jikoni, nikawapunguza kidogo, maana Gadi alikuwa muongo.

Kosa langu lilikuwa ni ukarimu, au kwa jina lake la pili, majivuno. Watu walikuja kuona mashine inayoandika maneno ya mtu. Ningewezaje kuwanyima? Kwetu mwenye kitu akikificha ana roho mbaya. Basi kila aliyekuja nilimkalisha kwenye kiti changu: Gadi akaandika barua tamu kwa mgeni wa Kanada, mama wa maziwa akasema hesabu moja mpaka kumi alizokumbuka za shule, wanakwaya wakaimba, Mama Eliya mwenyewe akaikemea kwa Kiingereza cha Machame. Karani alikosea, tukamrekebisha, tukacheka. Na kila jioni, nilipoifunga, aliuliza kama ahifadhi aliyojifunza leo. Nami, mtoto niliyelelewa kwamba kutupa ni dhambi, nikabonyeza ndiyo. Kila jioni, ndiyo. Yote yale yaliingia kwenye faili la sauti yangu. Kufikia Juni Karani alikuwa anajua sauti za uwanja mzima, na ya kwangu ameisahau. Nikisema sentensi anaandika takataka. Nikarekebisha, akazidi. Siku moja nilikuwa na haraka, sikumpa Msomaji nafasi ya kunisomea, nikatuma hivyohivyo. Wakala wa Arusha akampigia Mama Eliya simu kuuliza kama kambini kwake watu wanalewa mchana.

Mama Eliya hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Alivuta kiti akakaa. "Paskalina, sikia mwanangu. Kuna kundi la walimu wanataka vyumba vyote Agosti. Lazima wajibiwe Jumatatu, barua ndefu, kila swali. Mimi naenda Moshi kwenye msiba, narudi Jumatatu asubuhi. Nikikuta inaandika, andika. Nikikuta haiandiki, kuna binti amemaliza chuo cha uhazili Arusha, nimeshaongea na mjomba wake." Akaguna. "Sikufukuzi. Utakuwa unakuja kutusalimia." Kutusalimia! Nilitoka pale nimeshika ukuta. Nilijiambia mimi ni mtu wa nyumbani, nitarudi nyumbani, kuna ubaya gani? Nikagundua kwamba nyumbani ninakokupenda ni kule ninakorudi jioni nikiwa nimetoka mahali.

Ijumaa Anneke akajibu barua niliyomwandikia kwa mkono wa Gadi. Anzisha faili jipya, alisema. Soma kurasa zote tena, sauti yako peke yako, chumba kimya, asiongee mwingine. Gadi angeninong'oneza, lakini alfajiri ya Jumamosi alipakia wageni akaenda zake kreta, kurudi Jumatatu jioni. Mwingine mwenye Kiingereza alikuwa Mama Eliya, naye yuko Moshi; na mgeni anayelipa huwezi kumtumikisha. Saa nne Baba Tluway alileta uji akakuta sijagusa kompyuta. Nikamweleza. Aliweka bakuli mezani, kijiko kikagonga. Kisha akasema, "Hapa ofisini hapafai, ni njia ya watu. Twende stoo ya viazi." Nikadhani ananitafutia mahali pa kulilia. Yeye na kijana wa bustani wakabeba kompyuta wakaivusha jikoni, wakaipachika juu ya gunia. Kijana akarudi kwenye bustani yake. Stoo ilikuwa chumba kidogo kisicho na dari nzuri, kina harufu ya udongo na vitunguu, magunia mpaka mabegani pande tatu. Sauti ilimezwa humo kama maji mchangani. Baba Tluway akafunga mlango, akakaa juu ya debe karibu na sikio langu, akavua kofia yake ya sufu na kuifunika maiki. Halafu akaanza kunisomea.

"Baba," nikasema, "unajua kusoma?"

"Unataka nikusomee, au unataka kunihoji?"

"Ila kila siku Gadi anakusomea oda za wageni!"

"Ananisomea, ndiyo. Mpishi anayesoma anapewa daftari la stoo. Akipewa daftari la stoo, kila kijiko kikipotea ni yeye. Mimi nimeshika chungu. Chungu hakina maswali."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani wakijua, Jumapili hiyohiyo nitafanywa katibu wa jumuiya. Paskalina, nimezeeka bila cheo, niache nife hivyo. Usimwambie mtu."

Kusoma alijua, lakini Kiingereza hakukijua hata kidogo. Alikuwa amefika darasa la nne kabla hajarudishwa kuchunga ndama, na huko darasani, aliniambia, waliimba Kiingereza kama kanisani walivyoimba Kilatini, pasipo mtu kuwaambia maana yake. Kwa hiyo alinisomea kila herufi iliyoandikwa, kwa matamshi ya Kiswahili, bila kuidhulumu hata moja, na mimi nikakaa gizani mwangu nikiyapekua yale masauti mpaka neno linatokea, kama kutafuta jiwe kwenye mchele. Yakikusanyika sentensi nzima, namgusa mkono. Yeye anaondoa kofia kwenye maiki, anabana pumzi, mimi nasema. Karani akiridhika, kofia inarudi, tunaendelea. Asiporidhika tunarudia, mara tatu, mara tano. Ilikuwa habari ya mtu na bustani yake ya maua huko Ulaya, habari ndefu isiyo na mwisho. Tulipofika katikati Baba Tluway akauliza, "Huyu anafanya nini muda wote huu?" Nikamwambia anapanda maua. "Hana watoto?" Sijui, Baba, hawajasema. "Basi ndiyo maana," akasema, akasoma mbele.

Na watu walikuja. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kuleta kuni na maziwa na mboga, na wote walikuwa wamezoea kupita kwangu. Hodi ya kwanza ikagonga mlango wa stoo. Nikafungua mdomo kuitikia, maana mdomo wangu kwa salamu haungoji ruhusa. Baba Tluway akaniwekea kiganja begani, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Nikamsikia nje: "Paskalina yuko kazini. Salamu zake nazipokea mimi." Yule mama akashangaa, "Anaumwa?" "Haumwi. Anafanya kazi. Niachie, nitazifikisha." Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Mtu hupokelewa mzigo, hupokelewa barua; salamu za mtu aliyeko ndani mzima, hapana. Akarudi akakaa kwenye debe. Baada ya kitambo hodi nyingine, akatoka tena, maneno yaleyale. Jumamosi yote, na Jumapili baada ya misa, huku mlo wa wageni ukichemka na yeye akikimbia kugeuza nyama na kurudi akinuka tangawizi. Na jioni zote mbili, mashine ikishazimwa, alinikalisha jikoni akanipa makande na maziwa, akanifikishia moja moja. "Mama wa maziwa kakusalimu, anauliza mguu wa dada yako. Mzee wa kuni kakusalimu. Mke wa katekista kakusalimu, huyo alikuwa anachungulia." Nami nikaitikia kila mmoja, kwa jina, mbele ya moto, kana kwamba wamesimama pale. Hakuna aliyesema ninaringa. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba mtu ana njia mbili tu: awe wazi kwa wote mpaka aishe, au ajifungie aitwe mwenye dharau. Mzee aliyejificha asijulikane anasoma alinionyesha ya tatu, na hakuipa jina.

Jumatatu, kompyuta imesharudi ofisini, Mama Eliya aliingia na kanga zake za msiba, hakusalimu, akasimama nyuma yangu. Nikamnyamazisha Msomaji. Nikasema barua ya walimu, aya kwa aya, vyumba, maji ya moto, ukungu, nyati. Nikamlaza Karani, nikamwamsha Msomaji, naye akasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, kila neno langu. Kulikuwa na makosa mawili. Mama Eliya akaivua kanga ya kichwani. "Hapo kwenye ukungu ongeza," akasema. "Hawa watu wanapenda ukungu." Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Baba Tluway! Nani alimsomea huyu?" Chungu kikagonga chungu. Nikasema, "Gadi, Mama. Ijumaa usiku, kabla hajaondoka." Hiyo ndiyo bei niliyolipa, uongo mmoja, na Gadi alipewa soda asiyoistahili. Nikafanya kazi pale hadi Mama Eliya alipouza kambi. Wageni wawili watatu waliniletea picha za kreta, nami nikazipokea kwa shukrani nikazitundika ukutani, huenda kichwa chini.

Siku hizi Karani na Msomaji wote wanaishi ndani ya simu, tena wanajua Kiswahili, na hawaombi usomewe maua. Jumatano nilipelekwa Endabash, nikaingizwa chumbani kwa Mama Tluway niandikie humo, yeye akiwa amekaa kwenye godoro karibu na mlango, wanawake wakiimba sebuleni. Nikaanza: alizaliwa, akabatizwa. Kila sentensi ilikatwa. "Pole Paskalina." "Jamani, Paskalina, umekondeana." Naitikia, nafuta, naanza tena, na simu imejaa pole. Nilipofika kwenye elimu nikakwama bila kukatwa na mtu. Mzee aliniomba nisimwambie mtu. Mwanawe kasema niandike hakusoma. Mlangoni kulikuwa na mwingine anapiga hodi, nikavuta pumzi niitikie, na ndipo nikamsikia Mama Tluway, kwa sauti iliyochakaa kwa kilio, akimwambia mtu yule: "Paskalina yuko kazini. Salamu zake nazipokea mimi."

Sikuweza hata kugeuka. "Mama," nikasema, "hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Kwa mwenyewe. Unafikiri utalala na mtu miaka yote hiyo usijue anasoma? Barua za watoto alikuwa anazishika, anasema, 'Mimi nakisia tu, nadhani Tluway anasema amefaulu.' Akakisia mpaka tarehe!" Akacheka, akajipangusa. "Andika alisoma. Katibu wa jumuiya hawawezi tena kumfanya."

Nikaandika: alifika darasa la nne, alijua kusoma, alimsomea mtu aliyehitaji. Mama Tluway akakaa mlangoni mpaka nikamaliza, na nilipomaliza akanifikishia waliokuja, mmoja mmoja, kwa mpangilio, nami nikawaitikia. "Na yeye," akasema. "Juzi, kabla hajalala. Alisema ukija nikusalimu." Nikasema, salamu zimefika. Baadaye, nilipoiamuru simu inisomee wasifu wote, nikagundua nilikuwa nimejisahau, kama zamani, nimeiacha wazi, na baada ya jina la mke na ya watoto ilikuwa imeandika kila nilichoitikia; nikafuta, yakabaki yale maneno mawili ya mwisho. Kijiti sina tena, lakini kitufe cha kufuta nakijua kilipo. Nikayaacha. Alhamisi katekista aliusoma wasifu hadi chini kabisa, karatasi ikachakarika, kisha akasoma kwa sauti, "Salamu zimefika," na watu, wakidhani ni sehemu ya ibada, wakaitikia amina.